Judge Dredd wa Katuni na Judge Dredd wa Filamu: Wanafanana Wapi?

Ukiwakutanisha mashabiki wawili wa Judge Dredd, hazitapita dakika tano kabla hawajafika kwenye kofia. Mwaka 1995 Sylvester Stallone alimwigiza mlinzi huyu wa sheria akaivua kofia yake mapema, na uso ukabaki wazi sehemu kubwa ya filamu. Mwaka 2012 Karl Urban alimwigiza mhusika huyohuyo na uso wake hauonekani hata mara moja. Tunachopewa ni kidevu na mdomo ulionuna. Kwa wengi kesi inaishia hapo: filamu ya kwanza ilimsaliti Dredd, ya pili ilimtendea haki.

Hukumu hiyo naikubali kwa kiasi kikubwa, lakini sababu yake hainitoshi. Mtu anaweza kuvaa kofia saa nzima na bado asiwe Dredd. Katuni hii ina jambo moja gumu ambalo imelishikilia tangu 1977: inamtaka msomaji amfuate Dredd, amtegemee, hata amshangilie, na wakati huohuo amwogope. Ni mtu mwaminifu kupindukia, halafu ni nguzo ya utawala wa kidikteta. Mwandishi akiondoa sehemu moja ya sentensi hiyo, anayebaki ni mtu mwingine. Mimi nazipima filamu zote mbili kwa hapo, na matokeo yake ni tofauti kidogo na yale ya ubishi wa kofia.

Kwa msomaji wa Kiswahili ambaye alimwona Dredd kwanza kwenye kanda ya video, kwa sababu tu Stallone alikuwa Stallone, inafaa kwanza aelezwe mtu huyu katokea wapi.

Jarida la 2000 AD lilianza kutoka London tarehe 26 Februari 1977, likichapwa kila wiki na kampuni ya IPC. Dredd hakuwemo katika toleo la kwanza. Alitokea katika toleo la pili, tarehe 5 Machi. Walioshiriki kumuumba ni mwandishi John Wagner na mchoraji Mhispania Carlos Ezquerra, wakisaidiwa na Pat Mills, mhariri aliyelianzisha jarida. Wagner alikuwa na picha ya polisi wa sinema za Kimarekani za miaka ile, hasa yule wa Dirty Harry, asiyengoja mahakama. Alijiuliza: polisi wa namna hiyo akipewa ruhusa kamili ya kisheria, atakuwaje?

Ezquerra ndiye aliyelivalisha swali hilo nguo. Alizaliwa Zaragoza na kukulia Hispania ya Jenerali Franco, nchi ambayo sare, nembo za ndege tai na minyororo ya mamlaka vilikuwa vitu vya mtaani, si vya hadithini. Akamchorea Dredd bega moja lenye tai mkubwa wa dhahabu, bega jingine lenye pedi nene, beji kifuani iliyofungwa kwa mnyororo, buti na glovu nzito, na kofia inayofunika macho. Wagner alipoona mchoro huo mara ya kwanza alidhani mwenzake amezidisha, kwamba mtu huyu anaonekana kama haramia wa Kihispania. Lakini sare ndiyo iliyobeba maana. Ukimtazama Dredd kwa utulivu unaona askari wa utawala wa kifashisti, na anayeitwa shujaa wa hadithi ni huyohuyo.

Anapofanyia kazi ni Mega-City One, jiji linalofunika pwani ya mashariki ya Marekani baada ya vita vya nyuklia vya mwaka 2070. Mwanzoni lina watu milioni 800, wanaoishi katika majengo makubwa kiasi kwamba jengo moja ni kama mji mzima. Nje ya kuta kuna jangwa lenye sumu na mionzi. Ndani ya kuta hakuna bunge, hakuna rais wala wakili wa utetezi. Kuna majaji. Jaji mmoja juu ya pikipiki anakamata, anasikiliza kwa sekunde chache, anahukumu na anatekeleza, hata kama hukumu ni kifo.

Kitu ambacho mtu aliyeona filamu tu hawezi kukijua ni kwamba katuni hii inachekesha sana. Kazi nyingi za jiji zinafanywa na roboti, wananchi hawana la kufanya, na watu wasio na la kufanya hubuni mambo. Kuna mashindano ya unene ambapo washindani wanatembea huku matumbo yamebebwa kwenye magurudumu. Kuna Otto Sump, mtu mwenye sura mbaya kupita wote, aliyefungua kliniki za kuwafanya watu wawe na sura mbaya, na wateja wakapanga foleni. Kuna majengo mawili yanayopigana vita kamili kwa silaha kwa sababu ya ugomvi wa roshani. Mara nyingi Dredd anapita katika hadithi kwa picha chache tu, anatoa kifungo cha miaka kadhaa, anaondoka. Mhusika mkuu ni jiji. Yeye ni kama hali ya hewa ya jiji hilo.

Kisha, wiki chache baada ya kucheka, msomaji huyohuyo anapewa kitu kinachomnyima usingizi. Katika hadithi ya vita iliyochapwa mwaka 1982, ambayo Ezquerra mwenyewe aliichora, jiji linapoteza karibu nusu ya watu wake kwa mashambulizi ya Kisovieti. Dredd anaongoza kikosi kidogo, anateka makombora ya adui na kuyaelekeza kwenye jiji lao, East-Meg One, lenye watu wapatao nusu bilioni. Wanamwomba asifyatue. Anakataa ombi kwa maneno mawili, na jiji linateketea. Hadithi haisemi alifanya vibaya, wala haimpongezi. Inakuachia wewe mzigo huo.

Yapo pia masuala ya demokrasia, na haya ndiyo naona ni kilele cha kazi ya Wagner. Mwaka 1990 yeye na mchoraji Colin MacNeil walichapa hadithi iitwayo America, ya msichana America Jara, mtoto wa wahamiaji kutoka Puerto Rico waliompa jina la nchi waliyoiamini. Anakua akiwaona majaji, anajiunga na harakati za kudai haki ya kupiga kura, harakati zinapigwa, anaishia kwenye ugaidi. Anayesimulia ni rafiki yake wa utotoni aliyempenda maisha yake yote. Dredd yumo, ana kofia yake, anazingatia sheria yake, na katika hadithi hiyo yeye ndiye adui.

Huyo ndiye mtu ambaye watengenezaji wa filamu walipaswa kumhamisha.

Danny Cannon, Mwingereza aliyeiongoza filamu ya 1995, alikuwa msomaji wa katuni hii tangu utotoni, na hilo linaonekana. Bajeti ilikuwa kiasi cha dola milioni 90, pesa nyingi mno kwa wakati ule, na sehemu kubwa ilienda kwenye jiji lililojengwa katika studio za Shepperton, Uingereza. Barabara zinapita juu ya barabara, magari yanaruka, mabango yanawaka, majengo yanapotelea juu. Yumo Mean Machine Angel, jambazi wa jangwani mwenye kitufe cha kuzungusha cha kupandisha hasira kwenye paji la uso. Imo roboti ya kivita iliyotoka katika hadithi nyingine ya jarida lilelile. Sare ilibuniwa na Gianni Versace na inang'aa kuliko ya Ezquerra, lakini tai yupo, mnyororo upo. Kwa macho, hakuna filamu iliyolisogelea Mega-City One kuliko hii.

Na kwa muda mfupi hata roho yake imo. Mwanzoni kuna vita vya majengo. Fergie, mhalifu mdogo aliyetoka gerezani siku hiyohiyo, anajikuta katikati ya risasi na kujificha ndani ya roboti inayogawa chakula ili asife. Dredd anamkamata kwa kuharibu mali ya jiji na kumpa miaka 5. Fergie analia kwamba hakuwa na njia nyingine, angebaki pale angeuawa. Dredd anamjibu kwamba angeweza kutokea dirishani. Lakini ni ghorofa ya 40, anasema Fergie, ingekuwa kujiua! Huenda, anajibu Dredd, lakini ni halali.

Narudia kuitazama sehemu hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba waandishi walielewa. Mtu asiye na hatia yoyote ya maana anapelekwa jela na mtu asiye na chuki naye hata kidogo. Tunacheka, na kicheko kinakwama. Ukurasa mzima wa Wagner umo katika mabadilishano hayo ya sentensi nne.

Baada ya hapo filamu inageuka, na mgeuko wenyewe unaeleza mengi kuliko kofia. Dredd anasingiziwa mauaji ya mwandishi wa habari na mkewe. Anasimama kizimbani bila kofia, anahukumiwa kifungo cha maisha, anasafirishwa, ndege inaanguka, anapambana na kurudi kusafisha jina lake. Kumbe aliyemsingizia ni Rico, ndugu yake wa maabara, kwa kuwa wote wawili walitengenezwa kutokana na chembe za jaji mmoja. Rico anashirikiana na jaji mkubwa fisadi ili watengeneze jeshi la watu wa namna hiyo.

Rico hakubuniwa na Hollywood. Yumo katika katuni tangu 1977, katika hadithi fupi ya Pat Mills na mchoraji Mike McMahon, na inafaa ziwekwe bega kwa bega. Katika katuni, Rico ni jaji aliyeoza, na aliyemkamata ni Dredd mwenyewe. Rico anatumikia miaka 20 katika gereza la majaji huko Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, ambako wafungwa hufanyiwa upasuaji wa kutisha usoni ili waweze kuishi bila hewa. Anarudi kulipa kisasi. Wanatazamana, wanachomoa bastola, Rico amepunguzwa kasi na miaka ya Titan, anakufa. Dredd anaubeba mwili wa ndugu yake mwenyewe na kukataa asaidiwe. Basi. Hakuna njama, hakuna jeshi la maabara, hakuna hotuba. Kurasa chache, na msomaji amekwisha kujua kwamba ndani ya sare ile kuna kitu kinachouma ambacho hakitasemwa kamwe.

Filamu ilichukua uchungu huo uliofichwa ikauweka hadharani, ukapigiwa kelele. Stallone anaupaza sauti usoni, kwa sababu uso wake ndicho kitu ambacho studio ilikilipia. Ndipo kofia inapoingia. Kuivua halikuwa kosa lililojisimamia lenyewe. Ukiamua kwamba Dredd ni mtu aliyeonewa anayetafuta haki, lazima tuuone uso wake ukionewa. Wagner amewahi kueleza kwamba uso kutoonekana ni sura ya haki isiyo na roho. Hadithi ya mtu aliyeonewa haiwezi kubeba wazo hilo hata kwa dakika moja, na kofia ilikuwa imeshatoka kichwani pale skripti ilipoandikwa.

Kibaya zaidi ni kile filamu inachosema kuhusu sheria yenyewe. Mwishoni wabaya wamekufa, majaji wema wamebaki, Dredd anabusiwa na Judge Hershey, jaji mwenzake, anapanda pikipiki na kuondoka akishangiliwa. Ujumbe ni kwamba mfumo ulikuwa mzuri, wachache waliuchafua, sasa umesafishwa. Katuni inasema kinyume: ubaya uko kwenye mfumo unaofanya kazi sawasawa, siku ya kawaida, mikononi mwa jaji mwaminifu kabisa. Fergie alipata miaka 5 siku ambayo hakuna jaji fisadi aliyehusika.

Cannon alisema baadaye kwamba filamu iliyotoka ilikuwa tofauti kabisa na ile iliyokusudiwa, na kwamba mivutano na nyota wake ndiyo iliyoigeuza. Stallone naye aliiona kama filamu ya mapigano na vichekesho. Wagner hakuficha kwamba hakumtambua mhusika wake ndani yake. Iliingiza kiasi cha dola milioni 113 dunia nzima, ambazo kwa bajeti ile ni hasara ukishaondoa gharama za matangazo na mgawo wa majumba ya sinema.

Miaka 17 ikapita. Mwaka 2000 jarida lilinunuliwa na Rebellion, kampuni ya michezo ya kompyuta ya Uingereza, na hatimaye ukaja mradi mpya ukisukumwa na Alex Garland, mwandishi na mtayarishaji. Aliyetajwa kuwa mwongozaji ni Pete Travis, ingawa Karl Urban alisema wazi mwaka 2018 kwamba Garland ndiye aliyeiongoza hasa. Jambo muhimu zaidi kwa mada yetu ni kwamba safari hii Wagner alipewa skripti aisome na kuombwa ushauri.

Filamu ilipigwa Afrika Kusini, Cape Town na Johannesburg. Bajeti ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, na hapo ndipo uamuzi mkubwa wa kisanii ulipozaliwa. Hawakuwa na uwezo wa kujenga Mega-City One nzima, kwa hiyo walipiga picha za Johannesburg kutoka angani na kupandikiza majengo makubwa humo kwa kompyuta. Matokeo yake ni jiji la rangi ya vumbi, lenye jua kali, mapaa ya kawaida na barabara kuu tunazozitambua, ambamo mnara mmoja mkubwa unasimama hapa na mwingine kule. Mchoraji wa 2000 AD angelijaza zaidi. Lakini jiji hili lina uzito wa mahali ambapo watu wanaishi kweli, na umaskini wake hauhitaji maelezo.

Hadithi ni ya siku moja katika jengo moja la ghorofa 200, Peach Trees. Dredd anapewa mwanagenzi wa kumpima, Anderson, msichana mwenye uwezo wa kusoma mawazo ambaye alama zake za mtihani hazikufika. Wanaitwa kwenye mauaji, wanamkamata mshukiwa, na mkuu wa genge la jengo hilo, Ma-Ma, anafunga jengo lote na kutangaza kwamba majaji wote wawili wauawe. Baada ya hapo ni kupanda, ghorofa baada ya ghorofa.

Ukiitazama kwa haraka utasema ni filamu ya risasi tu. Mimi naona ni hadithi ya wiki moja ya 2000 AD iliyorefushwa, na ndiyo maana imekaa vizuri. Filamu zote mbili zina urefu unaokaribiana sana, dakika 96 na 95. Ile ya 1995 ilijaribu kubeba asili ya Dredd, ndugu yake, jangwa, njama na mapinduzi, yaani miaka 18 ya katuni, ndani ya muda huo. Ya 2012 ilichukua siku moja ya kazi. Dredd wa katuni alijulikana kwa siku za kazi, moja baada ya nyingine, kurasa chache kila wiki. Mwanzoni tunaambiwa kwamba majaji wanaweza kuitikia takriban asilimia 6 tu ya uhalifu mkubwa unaoripotiwa. Yote tunayoyaona yamo ndani ya sehemu hiyo ndogo.

Na ule ucheshi mchungu umo, kwa anayeangalia pembeni. Mlangoni mwa Peach Trees ameketi ombaomba mwenye kibao kinachosema yuko tayari kujidhalilisha kwa malipo. Dredd anasimama, anamsomea kosa la uzururaji na adhabu yake, wiki kadhaa za kifungo, halafu anamwambia asikutwe hapo atakaporudi. Ni huruma, kwa kipimo cha Dredd: amemwacha. Muda mfupi baadaye Ma-Ma anaamuru jengo lifungwe, milango mikubwa ya chuma inashuka, na ombaomba aliyekuwa bado pale anapondwa. Hakuna muziki wa huzuni, hakuna anayemtaja tena. Sheria ilimwona, ikampa onyo, haikumlinda. Tukio hilo ni mwenza wa lile la Fergie na dirisha, na lingeweza kuchorwa na McMahon mwaka 1978.

Anderson ndiye ufumbuzi wa tatizo la uso, na naona hii ndiyo akili kubwa kuliko zote katika skripti ya Garland. Hajavaa kofia. Dredd anamwambia amesahau kofia, yeye anajibu kwamba inaingilia uwezo wake wa kusoma mawazo, na Dredd anasema risasi itauingilia zaidi. Jibu ni la katuni kabisa, ila faida yake inazidi mzaha. Filamu imepata uso wa kutetemeka, kusita na kuumia, hivyo Dredd anaweza kubaki ukuta. Kwenye katuni Anderson si mwanagenzi wa aina hii. Aliingia mwaka 1980 katika hadithi ya Judge Death akiwa jaji kamili, mcheshi, asiyemwogopa Dredd. Wamembadilisha, na mabadiliko hayo yamemlinda Dredd asibadilishwe. Kwa nini basi tulaumu kila kinachotofautiana na kitabu? Kuna tofauti zinazobomoa nyumba na tofauti zinazoizuia isianguke.

Kuna pia mwisho wa Ma-Ma, ambao watazamaji wengi huupita kama ushindi. Filamu inaanza kazi yake pale Peach Trees na watu watatu aliowaua: waliwekwa dawa ya Slo-Mo, ambayo inaifanya akili ione muda ukienda kwa asilimia moja ya kasi yake, kisha wakatupwa kutoka juu. Anguko la sekunde chache likawa kwao refu mno. Mwishoni Dredd anamsomea Ma-Ma mashtaka, anamvutisha dawa hiyohiyo na kumtupa kutoka juu kabisa ya jengo lilelile. Mfumo wa sheria umetoa adhabu ileile ya muuza dawa, kwa njia ileile, hadi kipimo. Kamera inalifuata anguko lake kwa uzuri wa kutisha, vipande vya kioo vikimeta, na mtazamaji anayetaka kushangilia anapewa muda mrefu wa kutafakari anachoshangilia. Hapa, kwa kipimo nilichokitaja, filamu ya 2012 inafaulu. Dredd ni mwaminifu, ni jasiri, na anatisha.

Hata lile badiliko dogo ndani yake ni la katuni. Anderson anapoteza silaha yake, kosa ambalo kwa kanuni linamwangusha mtahiniwa papo hapo. Tena anamwachia huru fundi kijana wa Ma-Ma, kwa kuwa ameona akilini mwake kwamba aliteswa na kulazimishwa. Dredd anaulizwa na mkuu wake kuhusu mtihani. Anasema amefaulu. Hatoi sababu. Dredd wa kurasa naye hubadilika hivyo, ufa mmoja kwa miaka kadhaa.

Ambacho filamu hii haina ni kicheko cha jiji. Hakuna wanene wa magurudumu, hakuna roboti zinazojibizana, hakuna Otto Sump, hakuna wananchi wanaopandwa na wazimu wa msimu. Wakazi wa Peach Trees ni maskini, wahalifu au wahanga, na katuni haijawahi kuwa na jiji la kimya namna hiyo. Hakuna hata mtu mmoja anayeuliza kwa nini majaji wanatawala. Siasa zimebaki nje ya lango. Sare nayo imepunguzwa, tai amekuwa mdogo na mchafu, nguo zimekuwa za mwendesha pikipiki anayejikinga na risasi. Inaaminika zaidi, lakini onyo la Ezquerra, lile la kukumbusha Hispania ya Franco kwa kutazama tu, limefifia. Katika jambo hili moja Versace na ung'aavu wake walikuwa karibu zaidi na chanzo.

Na kuna kitu ambacho hakuna filamu moja inayoweza kukibeba. Katika katuni, mwaka mmoja wa msomaji ni mwaka mmoja wa Dredd. Katuni ilianza naye akiwa katika mwaka 2099 wa hadithi, na wasomaji wa 2012 walikuwa naye mwaka 2134, akiwa mzee. Anakumbuka. Miaka ya themanini anaponda harakati za demokrasia kwa hila, na jambo hilo linamtafuna, hadi anajivua ujaji na kutembea kuelekea jangwani. Anaporudi anataka wananchi wapige kura kama wanawataka majaji au la. Kura inapigwa mwaka 1991 wa dunia yetu. Wachache wanajitokeza, na wengi wa hao wanachagua majaji. Wagner alipanda mbegu na kuvuna miaka mitano baadaye, na msomaji aliyekuwa mvulana wakati wa kupanda alikuwa kijana mkubwa wakati wa kuvuna. Dakika 95 haziwezi. Mfululizo wa televisheni wa miaka kadhaa ungeweza, kama ungepata mtu wa kuulipia.

Pesa haikupatikana. Filamu ya 2012 iliingiza kiasi cha dola milioni 41 duniani, karibu sawa na gharama za kuitengeneza, ingawa mauzo ya diski yaliyofuata yalikuwa mazuri na mashabiki waliendesha kampeni ya kuomba ya pili. Ile iliyomkosea Dredd ilitazamwa na watu wengi zaidi kwenye majumba ya sinema kuliko ile iliyomwelewa, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu ndiyo hesabu ambayo studio inayofuata itaifungua kwanza.

Anayetaka kumjua mwenyewe aitazame ya 2012 nzima, kisha aitafute ya 1995 na kutazama kama robo saa ya mwanzo, mpaka Fergie anapohukumiwa. Halafu asome America. Haihitaji kujua lolote lililotangulia, inamalizika kwa muda mfupi, na ndiyo hadithi ambayo hakuna filamu yoyote kati ya hizi mbili iliyothubutu kuigusa. Dredd haonekani humo mara nyingi, na kila pikipiki yake inaposikika msomaji anatamani America akimbie haraka zaidi.